Maji ya uwanda wa dhahabu: nani atalipa deni dhahabu ikipungua?

Tangu Mamlaka ya Maji Tanga ilipouza hatifungani (hati za mkopo unaokopwa kwa umma) ya Sh bilioni 53.12 mwaka 2024, kwa riba ya asilimia 13.5 na muda wa miaka 10, mikutano yetu ya elimu kwa umma katika mikoa ya madini haiishi bila swali hili: "Sisi tumekalia dhahabu. Kwa nini maji yetu yaletwe kwa mkopo, halafu tupewe na ankara?" Anayeuliza ana nia njema, na ana haki ya kujibiwa. Ila swali limesimama juu ya dhana kwamba dhahabu ndiyo inayolipia bomba. Nimeona safari hii nilijibu kwa kuanzia mbali, Australia Magharibi, kwa sababu huko hesabu yote ilifanyika hadharani na matokeo yake yanaonekana hadi leo.

Septemba 1892 Arthur Bayley na William Ford walipata dhahabu Coolgardie. Juni iliyofuata Paddy Hannan na wenzake wawili wakaipata Kalgoorlie, karibu kilomita 40 kutoka hapo. Watu wakamiminika kwenye nchi kame isiyo na mto wa kudumu. Wenyeji wa asili walikuwa wakiishi kwa maji ya mvua yaliyokusanyika kwenye vishimo vya mwambani, na wageni walivikausha upesi. Chini ya ardhi maji yalikuwepo, lakini ya chumvi. Yalichemshwa kwa kuni, mvuke ukapozwa, na kilichopatikana kikauzwa kwa galoni. Nyakati mbaya galoni moja ilifika shilingi nzima na zaidi, shilingi ya Kiingereza ya wakati ule. Homa ya matumbo iliua watu wengi kambini.

Australia Magharibi ilikuwa bado koloni la Uingereza, ingawa tangu 1890 ilikuwa na serikali yake ya ndani chini ya John Forrest. Kampuni binafsi zilijitokeza zikitaka kibali cha kuleta maji na kuyauza. Forrest akachagua serikali ikope na kujenga yenyewe. Julai 1896 alipeleka bungeni pendekezo la kukopa pauni 2,500,000, kiasi cha kulinganishwa na bajeti nzima ya koloni kwa mwaka. Mhandisi mkuu, C.Y. O'Connor, alipanga kujenga bwawa kwenye mto Helena karibu na Perth na kusukuma maji kwa vituo vinane vya pampu, kwenye bomba la chuma la inchi 30, umbali wa kilomita 530 hadi Coolgardie. Kiwango kilikuwa galoni milioni 5 kwa siku, yaani lita zaidi ya milioni 22.

Naomba msomaji atulie kwenye hesabu hii. O'Connor alikadiria kwamba maji yangeweza kuuzwa kwa shilingi 3 na peni 6 kwa kila galoni 1,000, na ndani ya bei hiyo kukawamo gharama za kuendesha pampu, riba ya mkopo, na fungu la kila mwaka la kulimaliza deni lenyewe. Galoni milioni 5 kwa bei hiyo ni pauni 875 kwa siku, au karibu pauni 319,000 kwa mwaka. Tazama tena kinachohesabiwa: ni ankara. Hakuna mahali ambapo wakia ya dhahabu inaingia kwenye kitabu cha bomba. Mchimbaji aliyekuwa akilipa shilingi moja kwa galoni angelipa chini ya sehemu ya ishirini ya peni, na kutoka kwenye kipande hicho cha peni ndipo mkopeshaji wa London angelipwa.

Hata hivyo mkopeshaji hakukubali kwa sababu ya ankara peke yake. Mdaiwa alikuwa serikali ya koloni, na mauzo ya maji yasipotosha, hazina ingefidia kwa kodi za watu wote, pamoja na wakulima wa kusini ambao hawangeliona bomba lile. Wapinzani bungeni walilishikilia hilo, na hawakukosea kulishikilia. Sheria ilipita 1896, lakini ujenzi wa bwawa ulianza 1898, maana mipango ilipelekwa kwanza London ikakaguliwe na wahandisi wengine, na fedha nazo zilipaswa kutafutwa sokoni. Wananchi wanaotulalamikia kwamba mradi "umetangazwa mwaka jana na hakuna hata mtaro" wakumbuke kwamba kati ya idhini ya kukopa na fedha kuwa mkononi kuna kazi ambayo haionekani barabarani.

Sehemu inayofuata ni ngumu kuisimulia. O'Connor alishambuliwa magazetini kwa miaka, akituhumiwa ufisadi na uzembe. Machi 10, 1902, bomba likikaribia kukamilika, alijiua. Tume ya uchunguzi iliyofuata haikumkuta na ufisadi. Maji yalifika Coolgardie Desemba 22 mwaka huohuo, na mradi ukazinduliwa rasmi Januari 24, 1903, kwa gharama ambayo haikupishana sana na makadirio yake. Ninalieleza hili kwa sababu kila mradi mkubwa wa maji huzaa uvumi. Mwenye ushahidi wa ubadhirifu aupeleke TAKUKURU, na atafanya jambo la maana sana. Kumtuhumu mtu kwenye kundi la WhatsApp bila karatasi hata moja ni jambo jingine kabisa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1903, mwaka uleule wa uzinduzi, uzalishaji wa dhahabu Australia Magharibi ulifika kilele chake kisha ukaanza kushuka. Mauzo ya maji miaka ya mwanzo yalikuwa chini sana ya galoni milioni 5 kwa siku. Dhahabu ilipungua, lakini deni halikupungua. Kilichouokoa mradi ni kwamba matawi yalitolewa kutoka bomba kuu kwenda kwenye mashamba ya ngano na mifugo yaliyokuwa njiani, watu ambao hawakuwa wamekusudiwa kabisa mwaka 1896. Bomba hilo linafanya kazi mpaka leo.

Kwetu, mgodi wa Geita wa enzi za Mwingereza ulianza 1936 ukafungwa 1966. Lupa, Chunya, ilijaa wachimbaji miaka ya 1930. Migodi ilifungwa, watu wakabaki, na kiu haikufungwa pamoja na mgodi. Ndiyo maana andiko la mradi wa maji katika wilaya ya madini likija mezani, swali letu la kwanza ni kaya ngapi, shule ngapi na viwanda vingapi vitalipa ankara mwaka wa 8 na wa 9, hata kama mgodi umesimama.

Kwa anayetaka kununua hatifungani ya maji, utaratibu ni huu. Usome waraka wa matarajio (maelezo rasmi ya hatifungani na ya anayeiuza) ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Idhini hiyo ina maana kwamba taarifa zinazotakiwa zimewekwa wazi. Haina maana kwamba Mamlaka inadhamini fedha zako. Kisha ufungue akaunti ya dhamana kwa dalali mwenye leseni wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ukiwa na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki ya jina hilohilo. Majina yakitofautiana, fomu itarudishwa, kwa hiyo sahihisha kabla. Maombi yakizidi kiasi kinachouzwa, hufanyika mgao na ziada hurudishwa. Kwa riba ya Tanga, Sh 1,000,000 huleta Sh 135,000 kwa mwaka. Ukihitaji mtaji wako kabla ya muda, unauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, na bei hiyo yaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Haya si ushauri wa uwekezaji. Na hatifungani si upatu: anayekusanya fedha za umma akiziita hatifungani bila waraka ulioidhinishwa anavunja Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79.

Kwa wachimbaji na wenye makarasha (mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu): leseni ya madini haikupi haki ya maji. Hili tumelisema kila mkutano. Kuvuta maji mtoni kwa ajili ya mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) au mitambo ya kuchenjua kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria Na. 11 ya 2009. Chunya ni Bonde la Ziwa Rukwa, Geita ni la Ziwa Victoria. Ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, usiendeshe shughuli za kudumu. Kujiunganishia maji, kuchezea dira (mita ya maji) au kutoboa bomba ni makosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya 2019. Adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili, na hasara iliyopatikana hudaiwa juu yake. Kila lita inayoibiwa imeshakopewa fedha, na jirani anayelipa ndiye anayeibeba.

Bei ya maji nayo haipangwi na mamlaka ya maji peke yake. Mamlaka hupeleka maombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA hutangaza na kuitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, kisha hutoa uamuzi. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu, na malalamiko huja baada ya bei kutangazwa. Ukisikia tangazo la taftishi wilayani kwako, njoo na ankara zako, omba kuoneshwa makadirio ya mauzo ya maji mwaka kwa mwaka hadi deni liishe, na uulize ni kiasi gani cha makadirio hayo kinategemea mgodi.