Raman kwenye joto kali: mng'ao hauondolewi na programu

"Wewe pima tu, mng'ao tutautoa baadaye kwenye kompyuta." Kauli hii haiishi kwa wanaoleta sampuli za kupimwa kwa Raman, yaani kuzimulika kwa leza na kusoma mwanga uliotawanywa ukiwa umehama rangi, kwenye nyuzi 1200 za Selsiasi, ambako sampuli yenyewe hung'aa kwa joto. Na jibu halibadiliki: programu huondoa wastani wa mng'ao, haiondoi kelele zake. Fotoni hufika kwa bahati nasibu. Mng'ao wa hesabu 1,000,000 huja na mtikisiko wa takriban 1,000, yaani kipeuo cha pili cha hesabu hiyo. Kilele cha Raman chenye hesabu 300 kimeshazama humo. Chora mstari wa msingi upendavyo, hakiibuki. Tena mara nyingi hata hapo hufiki, kwa sababu detekta ya biti 16 hujaa kwenye 65,535, na iliyojaa haina cha kutolewa.

Mng'ao huzuiwa kabla ya kufika kwenye detekta. Anza na leza. Sampuli ikiwa kwenye kelvin 1500, mstari wa Raman wa 1000 cm⁻¹ (kipimo cha umbali wake kutoka kwenye leza) huangukia nanomita 852 kwa leza ya 785, na 562 kwa leza ya 532. Kwa upana ule ule wa cm⁻¹, kwenye 852 fotoni za joto ni zaidi ya mara 100 ya zile za 562. Shuka hadi leza ya 405, mstari uhamie 422, na mng'ao unapungua tena zaidi ya mara 100, huku mtawanyo wa Raman wenyewe ukiongezeka. Kwa hiyo ile 785 inayosifiwa kwa kukwepa fluoresensi, yaani mwanga ambao sampuli huutoa baada ya kunyonya ule wa leza, iache kabatini. Na usidhani nyuzi mia chache si kitu: kutoka kelvin 1500 hadi 1800, mng'ao kwenye 562 huongezeka kama mara 17.

Kisha bana kitundu cha konfokali, kile kinachopitisha mwanga wa sehemu iliyolengwa tu, maana sampuli nzima inang'aa ilhali Raman inatoka pale tu leza ilipolenga. Bado haitoshi? Tumia leza ya mapigo na detekta yenye lango. Mapigo 1,000 kwa sekunde, lango likiwa wazi nanosekunde 20 kwa kila pigo, huruhusu sehemu moja tu ya 50,000 ya mng'ao, na Raman yote inaingia. Watu hukimbilia kuongeza nguvu ya leza. Oksidi nyeusi hubabuka kwa pigo moja hata kama wastani wa nguvu ni mdogo. Panua kwanza doa la leza.

"Joto ni lile linaloonyeshwa na kidhibiti." Hapana. Themokapo, yaani kipimajoto cha waya, imo kwenye kishikio, na uso wa sampuli unaotazama dirisha huwa na joto pungufu. Weka kipande cha dhahabu pale pale inapokaa sampuli, ukiangalie kikiyeyuka: 1064.18 °C. Usitumie fedha hewani; hunyonya oksijeni na kuyeyuka kabla ya 961.78 yake.

"Uwiano wa anti-Stokes na Stokes hutoa joto bila urekebishaji." Anti-Stokes ni mwanga uliopata nishati kutoka kwenye sampuli, Stokes ni ule ulioipoteza. Kwa leza ya 532 na mstari wa 460 cm⁻¹, ukisahau kizidisho cha masafa (frikwensi) ya mwanga kilichopandishwa kwa kipeo cha tatu, kelvin 1500 itasomeka karibu 2250. Hata ukikikumbuka, kosa la asilimia 5 kwenye uwiano ni kelvin 170 hivi. Chagua mstari wa juu zaidi, na sahihisha mwitikio wa detekta.

"Vilele vimepotea, basi imeyeyuka." Zirkonia hupoteza jozi yake ya vilele vya 178 na 190 cm⁻¹ ikiwa bado ngumu kabisa, imebadili muundo tu, karibu na 1170 °C. Ikipoa hurudi kwenye 950 hivi, kwa hiyo pima kupanda na kushuka.

Na ile jozi ya 1370 na 1400 cm⁻¹ inayoonekana kwa leza ya 633 baada ya kupoa si kaboni. Ni kromiamu iliyomo kwenye kalibu ya alumina. Badili leza: ikihama kwenye kipimo cha cm⁻¹, ni fluoresensi.