Miduara inayozunguka haipimi msongo wa mawazo

Hapa Kigoma inasambaa tena WhatsApp ile picha ya miduara ya rangi, na maelezo kwamba ukiiona inazunguka una msongo wa mawazo. Si kweli, na inaumiza kuona watu wanatishwa bure. Sanaa hii ya picha zinazodanganya macho ilipata umaarufu kupitia Akiyoshi Kitaoka, profesa wa saikolojia Japani, aliyechora miduara ya nyoka “wanaozunguka” mwaka 2003. Siri iko kwenye mpangilio wa rangi: nyeusi, buluu, nyeupe, njano, kisha mfuatano uleule tena. Jicho halitulii hata ukilikodoa. Likicheza kidogo tu, ubongo unasoma tofauti za mwanga kama mwendo. Iprinti stesheneri yoyote pale mtaa wa Mwanga, kwenye karatasi itazunguka vilevile. Kazia macho nukta moja, mwendo utapungua. Na asiyeuona kabisa hana ugonjwa.