Je, wajua kwa nini wastani wa shule huanza kupangwa kabla ya darasa la kwanza?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, Moshi nzima huulizana jambo moja: wastani. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Shule za mchepuo wa Kiingereza zinapokuwa juu, walimu wa serikali huambiwa ni wavivu.

Hebu tuanzie getini. Shule nyingi za kulipia humfanyia mtoto usaili. Asiyejua kusoma hurudishwa nyumbani pamoja na mzazi wake. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali kule Pasua au Njoro hana geti la namna hiyo. Anayekuja anapokelewa: aliyepita chekechea na ambaye hajawahi kushika penseli, dawati moja.

Halafu kuna makande. Michango ya lazima iliondolewa Januari 2016, ila chakula cha mchana kikabaki mikononi mwa wazazi: mahindi, maharage, kuni, hela ya mpishi. Mama anayepanga mafungu ya nyanya Mbuyuni, biashara ikilala wiki nzima, sado ya maharage ataitoa wapi? Mwanawe atakaa vipindi vya mchana akisikiliza tumbo kuliko mwalimu, au ataenda nyumbani asirudi. Hisabati haimsubiri. Akikosa somo la sehemu leo, kesho asilimia itakuwa Kichina kwake, na pengo hilo litafika naye darasa la saba. Kwangu mimi sufuria hili lina uzito kuliko vitabu, ingawa wakaguzi hupenda kuhesabu vitabu.

Serikali nayo huchangia. Mwaka ule wa 2016 ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo: shilingi 51 na ushei. Andazi halinunuliki.

Jioni je? Chumba cha kupanga kimoja, mdogo mgongoni, ndoo ya maji. Mwenzake wa Shanty Town, mtaa wa wenye nacho, yuko mezani na mwalimu wa tuisheni.

Januari 2023, likitangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule bora. Mabango ya barabarani hayajaacha kujisifu. Sijawahi kuona hata moja linalotaja idadi ya watoto waliokataliwa kwenye usaili.