Mwezi Unajizungusha, Jamani

Kila nikiweka darubini hadharani, haichukui muda atatokea mtu wa kunifundisha kazi: "Mwezi haujizungushi, ndiyo maana tunauona uso uleule." Nimeyasikia hata kwa walimu wa sayansi! Unajizungusha. Usingejizungusha, wiki mbili tu zingetosha kutuonyesha mgongo wake.

Kabla ya kubishana, weka kiti katikati ya chumba, ukizunguke bila kukiondolea macho. Ukifika ulipoanzia utakuwa umetazama kuta zote nne, yaani umejigeuza mara moja kamili. Ndivyo Mwezi ufanyavyo: siku 27.3 kuizunguka Dunia, siku 27.3 kujizungusha kwenye mhimili wake.

Wala si bahati nasibu. Hapo kale Mwezi ulijizungusha kwa kasi zaidi. Mvuto wa Dunia ulikuwa mkali zaidi upande wa karibu kuliko wa mbali, ukaufanya uvimbe kidogo pande hizo mbili. Kasi ile ikawa inaupeleka uvimbe mbele ya mstari wa Dunia, na Dunia inaurudisha. Miamba ikasuguana, mwendo ukapungua, mpaka mizunguko hiyo miwili ikalingana.

"Lakini kule hakuna bahari!" Kwani nani kasema ni maji tu yanayojaa na kupwa? Hata ardhi uliyosimamia hupanda na kushuka kama sentimita 30, nawe huna habari.

Tena, upande wa nyuma hauna giza la kudumu. Jioni ile mnayobishana kama mwezi umeandama, huko nyuma karibu kote ni mchana. Chombo cha Kisovieti, Luna 3, kiliupiga picha mwaka 1959.

Wala msihofu kwamba Mwezi utatuangukia. Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo uvimbe wa bahari zetu hutangulia kidogo na kuuvuta Mwezi mbele. Matokeo yake unahama mbali nasi sentimita 3.8 kwa mwaka, kipimo cha leza zinazorudishwa na vioo vilivyoachwa huko kuanzia 1969. Gharama tunalipa sisi: siku yetu inarefuka kama milisekunde mbili kila karne. Mwenye wasiwasi wa kuangukiwa ahamie Mirihi. Mwezi wake Phobos huizunguka kwa muda usiofika saa nane, haraka kuliko sayari yenyewe inavyojizungusha, kwa hiyo uvimbe wa Mirihi hubaki nyuma na kuushusha polepole.

Na msiseme sayari ya Utaridi nayo hulielekezea Jua uso mmoja daima. Rada ilimaliza ubishi huo mwaka 1965: hujizungusha mara tatu kila inapolizunguka Jua mara mbili.