Mti ule wa Ziwa Nakuru si kaktasi

Ukipita upande wa mashariki wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru utaona msitu wa miti iliyoinua matawi kama kinara cha mishumaa. Wageni wengi huuita msitu wa kaktasi, na hata wateja kitaluni kwangu husema hivyo. Huniuma, kwa sababu mti ule, Euphorbia candelabrum, ni wa kwetu hasa. Wajaluo huuita bondo. Kaktasi, karibu zote, asili yake ni Amerika.

Chukua kipande cha mpungate, ambao ni kaktasi, ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Miiba inachipuka kwenye kituta kidogo chenye manyoya kama pamba, na ua nalo hutokea papo hapo. Kaktasi hutambulika kwa kituta hicho. Sasa geukia bondo: miiba imekaa miwiliwili juu ya kigamba kigumu, pembeni mwa shina, wala pamba hakuna. Ukikwaruza, maziwa meupe yanachuruzika. Lakini usiyategemee maziwa peke yake, maana zipo kaktasi chache zenye utomvu mweupe. Mimi huanza na mwiba. Kufanana kwao kumetokana na ukame: kila ukoo, barani kwake, ulijifunza kuweka maji shinani.

Kazi yenyewe ni kutofautisha mimea ndani ya ukoo wa yuforbia, yaani ukoo wa bondo. Kile tunachokiita ua lake ni kikombe kidogo. Ndani yake mna maua madume mengi, kila moja ni stameni (kijiti cha chavua) moja tu, na ua jike moja katikati. Ukingoni mwa kikombe kuna tezi za nekta, na hizo ndizo wataalamu wa zamani walizozichunguza. Tezi zikikaa mbalimbali, mara nyingi nne au tano, waliandika Euphorbia. Zikiungana kama kwato ya farasi, upande mmoja ukabaki wazi, Monadenium. Zikifunga duara zima, Synadenium, ile yenye majani mapana ambayo watu huipanda uani.

Katika miaka ya 2000 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba makundi hayo mawili yamechipuka ndani ya Euphorbia yenyewe, yakarudishwa humo. Wapo wanaosema basi tezi hazina kazi tena. Sikubali. Jina limebadilika, lakini nikiwa shambani bila maabara, duara lile bado linaniambia nina mmea gani mkononi.

Jambo moja zaidi. Mwaka jana nilikuwa nikikata mnyaa, yuforbia nyingine yenye maziwa, ojuok kwa Kijaluo, kwenye ua wa boma moja karibu na Kisumu, nikajipangusa jasho kwa mkono uleule. Jicho liliwaka moto, likavimba, na siku mbili sikuona sawasawa. Siku hizi nikikata tawi nivae glavu na miwani kwanza, na ndoo ya maji safi iwe karibu na miguu yangu.