Kiti Sio Bolti Nne

"Fundi, viti si bolti nne tu? Nifungie, nipitie saa kumi."

Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu niliweka spana chini nikaenda kunywa chai Mwanjelwa, maana ningebaki pale ningejibu vibaya.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya bosi mmoja, mteja wangu, aliyoachiwa na baba yake, limelala bandani Tukuyu miaka na miaka. Rangi tayari, injini inaunguruma vizuri. Bosi kaja na viti viwili vya Toyota Noah, vya mtumba, anataka viingie.

Sasa sikia. Kiti cha mbele cha Beetle hakina bolti nne. Hakina hata moja! Kinateleza kwenye reli zilizochomelewa sakafuni, moja kwenye ule mgongo wa katikati, nyingine upande wa mlango, na kuna kishikizo kidogo cha chuma kinachozuia kiti kisichomoke nyuma. Kishikizo hicho kikilika, unapanda mlima, unakanyaga mafuta, na wewe na kiti mnakwenda kumsalimia abiria wa nyuma. Kusafisha reli, kubadili viplastiki vya miguuni na kupaka grisi kidogo ni kazi ya asubuhi moja. Kapeti kwanza, kiti baadaye. Nimeona waliofanya kinyume, siwasemi.

Kinachonichefua ni lile neno "tutachomelea miguu". Utachomelea wapi? Sakafu ile ni bati jembamba, na Tukuyu mvua haina likizo. Maji yanaingia kwa raba za milango zilizochoka, yanakaa chini ya kapeti, yanakula taratibu. Chukua bisibisi, bonyeza pembeni mwa reli. Ikizama, habari ya viti imeishia hapo, tuzungumzie sakafu. Ya bosi ilizama, nikachungulia tunduni nikaona kokoto za uani kwangu.

Wengine hawachomelei, wanatoboa na kupitisha bolti, chini wanaweka washa ndogo, kile kiduara cha chuma kinachokaa kwenye nati. Kwa macho imekaza kabisa. Ila viti vingi vya siku hizi vina kifungio cha mkanda kwenye kiti chenyewe. Gari likigonga na kusimama ghafla, mtu wa kilo 70 anaweza kuvuta kwa nguvu inayozidi tani moja, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye ile washa. Bati linachanika, washa inapenya kama kidole kwenye karatasi iliyolowa. Ukilazimika kutoboa, weka chini kipande cha chuma cha milimita 3, kipana kama kiganja, na bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani. Bolti ya kitanda hapana, jamani.

Na ukishafunga vizuri hivyo, bado kiti cha Noah ni kinene. Jamaa mrefu anakaa kichwa kinagusa dari, magoti yanabanwa na usukani.

Nikiri: nimewahi kufunga viti vya namna hiyo mara mbili, kwa vyuma na bolti nilizotaja. Ya kwanza naitetea. Ya pili sakafu ilikuwa na viraka vingi kuliko bati lake, na kila nikisikia lile gari limeshuka mlima Kitonga, tumbo linanikaza. Siku hizi nisingeifunga.

Kiti cha nyuma kila mtu anakisahau kwa sababu unakipachika tu. Beetle inaweka betri chini yake, upande wa kulia. Kifuniko cha betri kikipotea, akikaa mama mwenye mwili wake, springi zinashuka zinagusa terminali ya chanya, cheche zinaruka, na kilichojazwa humo ni nyuzi kavu za zamani. Moto unawakia chini ya abiria. Kama kifuniko hakipo, tafuta, au funika kwa kipande kizito cha raba kabla hujarudisha kiti. Hapo sibembelezi mtu. Chini ya kile cha bosi betri ilikuwa wazi, na pembeni senti hamsini ya sungura na mahindi matatu.

Nikamwonyesha tundu la sakafu. Akanyamaza, akauliza kama viti vya zamani bado vinafaa. Nikamwambia fremu ikiwa nzima, sponji na kitambaa ni kazi ndogo. Viko wapi?

Kimoja kipo bandani. Kingine kuku wanatagia. Kesho anavileta.