Chaneli za ioni za kutengenezwa, zile zinazofunguliwa na dawa, ni kitu gani?

Tuanze na chaneli ya kawaida. Ni tundu la protini kwenye utando wa seli ya neva, lina mlango wake, ukifunguka ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinapita. Sodiamu ikiingia ya kutosha seli inawaka na kutuma ujumbe, kloridi ikiingia seli inatulia na kuiamsha inakuwa kazi. Ya kutengenezwa ni tundu hilohilo ila kitasa kimechezewa, kemikali za ubongo wenyewe haziifungui tena vizuri, inafunguliwa na dawa uliyoichagua wewe.

Kinachonikosha mimi ni jinsi ilivyoungwa. Wanachukua sehemu ya juu ya kipokezi (protini ya seli inayonasa kemikali) cha nikotini kinachoitwa alfa 7, pale ambapo dawa inanasa, wanabadilisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini, chache tu, halafu wanaipachika juu ya tundu la kipokezi kingine kabisa. Ukiipachika kwenye tundu la kipokezi cha glaisini, linalopitisha kloridi, dawa ikinasa seli inanyamaza. Ukiipachika kwenye lile la serotonini, sodiamu inaingia, seli inawaka. Yaani kitasa kilekile, dawa ileile, na matokeo ni kinyume kabisa!

Maabara ya mtafiti Scott Sternson pale kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, ndiyo ilileta hizi mwaka 2011, zinaitwa PSAM, halafu 2019 wakatoa zinazoitikia dozi ndogo sana ya vareniklini, ile dawa ya kuacha sigara ambayo watu walishaitumia miaka mingi.

Watu wengi wanadhani dawa ndiyo inachagua seli, hapana jamani, dawa inasambaa mwili mzima, kinachochagua ni jeni ya chaneli, ambayo inapelekwa na virusi visivyoleta ugonjwa kwenye seli zile unazozitaka tu, na seli isiyo na hiyo chaneli kwa dozi ndogo hivyo haishtuki. Pia msizichanganye na DREADD, vipokezi vingine vya kutengenezwa vinavyowashwa na dawa, zile hazina tundu, zinatuma taarifa ndani ya seli kupitia protini za G, ambazo ni wapeleka ujumbe wa ndani ya seli.

Kuna panya aliyewekewa chaneli ya kunyamazisha upande mmoja tu wa substantia nigra, sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo. Bila dawa anatembea kama kawaida, akipewa vareniklini kidogo anaanza kuzunguka, anageukia upande mmoja tu.